Mvuvi Ana Jina, Mfunga Nzi Je?

Kuna samaki wa nchi za baridi aitwaye samoni. Huzaliwa katika changarawe za mto, akakua kidogo, kisha akateremka baharini. Wengine huenda mpaka karibu na Greenland. Baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi, hurudi katika mto ule ule aliozaliwa, akiutambua kwa harufu ya maji yake. Na akishaingia mtoni, basi hali tena. Huishi kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini mpaka wakati wa kutaga.

Sasa wewe msomaji, mwana wa pwani, unayejua kuwa ndoana bila chambo ni chuma kitupu, hebu nijibu: samaki aliyejifungia kula huvuliwa kwa chambo gani?

Huvuliwa kwa kuchokozwa. Mvuvi hufunga katika ncha ya mshipi wake kitu kilichotengenezwa kwa manyoya ya ndege, nywele za wanyama, nyuzi za hariri na zari, akakirusha ng'ambo ya mto na kuuacha mkondo ukichukue mpaka kimpitie samaki mbele ya pua. Wengine husema samoni hukiuma kwa ghadhabu. Wengine husema ni mazoea tu yaliyombakia ya kuwinda kamba na samaki wadogo huko bahari kuu. Wamebishana miaka mingi juu ya jambo hili, na samaki mwenyewe hajawajibu. Kitu hicho Waingereza hukiita nzi, na kazi ya kukitengeneza huitwa kufunga nzi.

Najua wako watakaokunja uso. "Leo bwana huyu ametuletea nini? Nguru na changu wazidi kuadimika, naye atuhadithia samaki wa Uskoti!" Nawaomba subira. Sina nia ya kumfundisha mtu kuvua samoni. Nataka kusema neno juu ya mikono inayowafunga nzi hao, kwa sababu katika zama zetu hizi mingi katika mikono hiyo ni ya Wakenya, na ni wachache mno wanaoijua.

Lakini tuanze huko kwenyewe. Katika zama za Malkia Victoria nzi wa samoni alikuwa pambo, na pambo la gharama. Ukikifungua kitabu cha George Kelson kiitwacho The Salmon Fly, kilichotoka mwaka 1895, utakuta nzi mmoja ahitaji manyoya ya ndege ambao hata kwa ndoto hawakutani: fizanti wa dhahabu wa Uchina, jogoo wa mwitu na tausi wa Bara Hindi, tukani na kasuku wa Amerika ya Kusini, tandawala, na bata wa namna tatu nne. Dola iliyokuwa na meli katika kila bandari haikuona taabu kuyakusanya. Fundi alichukua nyuzi za manyoya mbalimbali akaziunganisha ubavu kwa ubavu, uzi kwa uzi, mpaka bawa moja likawa na rangi tano zilizoshikana kama kwamba zilizaliwa pamoja.

Je, samoni aliyaona yote hayo? Siamini. Aliyeyaona ni mnunuzi dukani. Wazee wetu walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na ndani ya uzuri wa nzi huyo mlikuwa na kipande cha chuma, nacho ndicho kilichokuwa na kasoro. Nzi mkubwa alifungwa juu ya ndoana ndefu, nyingine zapata urefu wa kidole. Chuma kirefu namna hiyo kikishanasa katika taya ya samaki hugeuka wenzo: kila samaki atikisapo kichwa, chuma hupinduka na kulipanua tundu, mwisho kikachomoka. Isitoshe, ndoana ikivunjika ncha kwa kugonga jiwe, au ikishika kutu, kazi yote ya manyoya iliyofungwa juu yake hutupwa pamoja nayo.

Hapa ndipo aingiapo mwanamke mmoja wa Aberdeen.

Aberdeen ni mji wa bandari wa Uskoti, na mto Dee, mmoja katika mito mashuhuri ya samoni, huingia baharini hapo. Palikuwa na nyumba ya biashara ya vifaa vya uvuvi iitwayo Playfair, na mmoja katika wafunga nzi wake alikuwa bibi wa ukoo wa Morawski. Walioandika habari za kazi hii husimulia kuwa karibu na mwaka 1945 alitwaa bua la unyoya wa bata mzinga, akakwangua kilichomo ndani mpaka likawa mrija mtupu, kisha akafunga nywele na manyoya yake juu ya mrija huo badala ya kuyafunga juu ya ndoana. Mshipi ukapitishwa ndani ya mrija ukatokea upande wa pili, na hapo ikafungwa ndoana ndogo ya meno matatu, peke yake. Inasimuliwa pia kuwa alikuwako daktari aliyeshauri kutumia mirija laini ya hospitali mahali pa mabua, na tangu hapo kazi ikaenea.

Ni hayo tu, na katika hayo tu matatizo yote yalikwisha. Ndoana ni fupi, kwa hivyo hakuna wenzo. Samaki akishanaswa, mrija huteleza ukapanda juu ya mshipi, ukawa mbali na meno yake, na manyoya yakasalimika. Ndoana ikiharibika, hutupwa ndoana na nzi akabaki. Ukitaka nzi mrefu wa inchi nne, humlazimu mtu kumfulia chuma cha inchi nne. Mimi huona kuwa ufundi wa kweli ni huu: kuona kitu ambacho watu wote wanakishika kila siku, hata bua la unyoya linalotupwa jaani, na kulipa kazi ambayo hakuna aliyeifikiria.

Basi hebu muulize mtu jina kamili la bibi huyu. Wako waandishi wanaomwita Winnie Morawski, na wako wanaomwita Minnie Morawski. Mtu aliyegeuza uvuvi wa samoni kuanzia Uskoti mpaka Norway, Iceland na Urusi, hata herufi ya kwanza ya jina lake haikushikwa sawasawa!

Na wala usidhani kuwa watu hao hawajui kuandika kumbukumbu. Mwaka 1922, tarehe 7 Oktoba, Georgina Ballantine alimvua samoni wa ratili 64 katika mto Tay, mkubwa kuliko samoni wote waliopata kuvuliwa kwa fimbo na mshipi katika Uingereza nzima. Hakumvua kwa nzi, lakini si hoja. Twajua siku, twajua mto, twajua uzito wa samaki. Samaki mmoja aliyeliwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita ana cheti kilichokamilika kuliko bibi aliyewapa wavuvi wote wa leo kifaa chao.

Huenda mtu akasema kuwa kufunga manyoya juu ya mrija ni kazi ndogo, haistahili kelele zote hizi. Na nieleze inavyofanywa, kisha tuamue.

Fundi hubana sindano katika jiliwa dogo lililofungwa ukingoni mwa meza, na juu ya sindano akauvika mrija, mrefu wa kati ya nusu inchi na inchi tatu hivi. Mrija ni wa plastiki, wa alumini au wa shaba, na uchaguzi huo si wa urembo. Plastiki ni nyepesi, huogelea karibu na uso wa maji, nayo ni ya majira ya joto wakati mto umepungua na samaki yuko tayari kupanda juu. Shaba ni ya mto uliojaa, wa maji baridi na ya kasi, ambapo samoni amelala chini na hataki kusogea. Humlazimu nzi ateremke mpaka alipo. Alumini iko katikati ya hizo mbili. Na kila mrija wa madini hutiwa ndani yake mrija mwingine mwembamba wa plastiki, kwa kuwa makali ya shaba hukata mshipi kama wembe. Mvuvi aliyekatiwa mshipi na chambo chake mwenyewe humkumbuka vizuri fundi aliyesahau jambo hili.

Kisha uzi. Uzi huzungushwa kwa kukaza, mzunguko ukilala kando ya mwenzake pasi na kupandana. Juu yake hupita hariri, na juu ya hariri hupita zari kwa mshazari, nafasi moja kwa moja, kama mistari katika msuli uliofumwa vizuri. Baada ya hapo huja nywele, na hapa ndipo mwanagenzi anapojulikana. Huzikata kitita kidogo, akachana na kutoa zile fupi na sufi ya ndani, akasawazisha ncha, akashika kwa kidole gumba na cha shahada na kuzungusha uzi mara mbili bila kuzibana, kisha mara ya tatu akavuta. Zikizidi, nzi hukakamaa majini kama ufagio. Zikipungua, hana mwili. Zikiwa kiasi, hupumua: mkondo huzibana na kuziachia, zikafunga na kufunguka, na huo ndio uhai unaomtia samoni hasira. Mwisho ni kichwa: fundo lisiloonekana, na matone mawili matatu ya vanishi. Nyuma huvikwa kipande cha mpira laini cha kuishika shingo ya ndoana isining'inie.

Aliyezoea huyafanya haya kwa dakika chache, na mwingine, na mwingine tena, na wote humtoka sawa kama mapacha. Ukimtazama kwa mbali utadhani yuashona kofia.

Na kwa kuwa nimeitaja kofia, nisipite hivi hivi. Mabwana wa Lamu na Mombasa huvaa kofia za vito ambazo kila tundu lake limezungushiwa uzi kwa sindano, kazi ya wiki nyingi. Aliyeishona aghalabu ni mwanamke aliye ndani ya nyumba, ingawa wako wanaume pia washonao. Tukisifu kofia, twamsifu nani? Humsifu aliyeivaa, na labda tukauliza ameinunua duka gani. Kwa hivyo nisemapo kuwa Waskoti walimsahau bibi wa Aberdeen, sinyoshei kidole Waskoti peke yao.

Turudi kwa nzi. Wana majina, na majina hayo yatufunza mengi. Mmoja katika nzi wa mrija wanaotumiwa sana huitwa Willie Gunn: nywele nyeusi, za rangi ya chungwa na za manjano zilizochanganywa pamoja. Willie Gunn alikuwa mlinzi mkuu wa mali za Sutherland, kaskazini ya Uskoti. Yeye alimchagua nzi huyo, akamvulia, akapata samaki. Aliyemfunga alikuwa mtu mwingine, aliyejulikana kama Dusty Miller. Mvuvi akapewa jina, fundi akapewa bei yake.

Haki isemwe, haikuwa hivyo siku zote. Nzi mashuhuri kupita wote wa zama za kale aitwa Jock Scott, na Jock Scott alikuwa mtumishi wa bwana mmoja mkubwa, Lord John Scott. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga, katikati ya karne ya 19, na jina lake ndilo lililobaki. Leo ni nani anayemkumbuka yule bwana ila kwa sababu ya mtumishi wake? Basi jambo hili lawezekana, likitakwa.

Tena yuko Megan Boyd. Huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1915, akakulia Sutherland ambako baba yake alikuwa mlinzi wa mto, na mzee mmoja mlinzi, Bob Trussler, ndiye aliyemfundisha kufunga nzi akiwa mtoto. Miaka mingi aliishi peke yake katika kijumba kidogo Kintradwell, karibu na Brora, hakina umeme wala mfereji wa maji, dirisha likielekea baharini. Alifunga nzi kuanzia asubuhi mpaka usiku kwa mwanga wa dirisha na wa taa. Charles, ambaye leo ni mfalme, alikuwa mteja wake. Mwaka 1971 alitunukiwa nishani ya Dola ya Uingereza, na husimuliwa kuwa alimjulisha Malkia kuwa hataweza kwenda kuipokea kwa kuwa siku hiyo hakuwa na mtu wa kumwachia mbwa wake. Na la ajabu zaidi: yeye mwenyewe hakuwa mvuvi. Hakupenda kuua samaki. Macho yalipomchoka aliiacha kazi, akafariki mwaka 2001, na leo nzi wake huwekwa ndani ya vioo kama johari.

Kwa nini Megan Boyd ana jina na Morawski ana nusu ya jina? Ufundi si sababu. Megan alifanya kazi nyumbani kwake, na aliyetaka nzi alibisha mlango wake. Bibi wa Aberdeen aliketi katika meza ya mwajiri, na aliyenunua nzi aliliona jina lililoandikwa juu ya mlango wa duka. Mtu akifanya kazi ndani ya nyumba ya mwingine, jina la nyumba humeza jina lake.

Na hapa ndipo tunapofika kwetu.

Mwaka 1905, Ewart Grogan, mlowezi anayejulikana sana katika historia ya nchi hii, alileta samaki waitwao trauti, jamaa za samoni, kutoka Loch Leven, Uskoti, wakatiwa katika mto Gura milima ya Nyandarua. Trauti huvuliwa kwa nzi. Walowezi wakawa wahitaji nzi, na kuwaagiza Ulaya ni gharama, basi vijana wa Kenya wakafundishwa kuwafunga. Walipofundishwa ikaonekana kuwa wanaweza, tena vizuri, na nzi wakaanza kusafiri kurudi kule zilikotoka ndoana. Leo Kenya ni mojawapo ya nchi zinazofungia ulimwengu nzi. Ukiingia katika duka la vifaa vya uvuvi Uingereza, ukafungua droo na kutoa nzi wa mrija kwa ajili ya samoni wa Dee au wa Tay, usishangae ukiambiwa kuwa amefungwa Kenya. Aliyemfunga huenda hajapata kumwona samoni maishani mwake ila katika kopo, na yamkini hata katika kopo hajamwona.

Si mikono tu. Hata vitu vyenyewe vilitoka Afrika. Katika miaka ya 1960 Mwingereza Raymond Brooks, aliyekuwa akivua mto Lærdal huko Norway, alibuni nzi wa mrija aitwaye Sunray Shadow, ambaye hana kitu ila mrija na bawa refu jembamba la nywele, na mpaka leo huogopwa na samoni, au hupendwa, vyovyote iwavyo. Nywele za bawa lile zilikuwa za mbega. Ndiyo, mbega! Wakaao Diani wanamjua mnyama huyu, maana wamemtundikia ngazi za kamba juu ya barabara ili avuke asigongwe na magari. Siku hizi biashara ya mbega imewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama, na mafundi wengi wamegeukia nywele za mbuzi.

Nami nawaunga mkono kwa nywele za mbuzi. Yuko nzi mwingine maarufu wa Uskoti aitwaye Collie Dog, ambaye asili yake alifungwa kwa nywele ndefu nyeusi za mbwa wa kuchungia kondoo. Sisi wa madhehebu ya Shafi'i tungeifunga kazi hiyo pamoja na udongo na maji mara saba. Mbuzi mweusi hana maneno.

Basi shauri langu ni hili, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nzi waliofungwa Kenya wauzwe na jina la aliyewafunga. Lisiwe jina la nchi peke yake, lililopigwa kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi, bali la mtu. Kikasha cha dazeni moja kina nafasi ya kutosha ya kikaratasi: amefunga fulani binti fulani, au fulani bin fulani. Hakigharimu kitu.

Nimekwisha kumweleza haya bwana mmoja anayeijua biashara, akacheka. "Mtu akishalipwa ujira wake," akaniambia, "deni limekwisha." Ujira kwanza, sikatai, dini yetu imehimiza mfanyakazi alipwe upesi na kwa ukamilifu, na aliyedhulumiwa ujira hatatulizwa kwa kuandikwa jina. Lakini ujira hulipa saa za leo. Fundi asiyejulikana, akiugua au macho yakimfifia kama yalivyomfifia Megan Boyd, hana cha kuonyesha kuwa alipata kuwa fundi. Mwanawe hawezi kusema, hiki ni cha mama. Mwanafunzi wake hawezi kusema, mimi nimefundishwa na fulani, na sote twajua ilivyo kubwa kauli hiyo kwetu, sisi ambao hata elimu ya chuoni hatumpokei mwalimu mpaka tujue nani aliyemfundisha, na huyo alifundishwa na nani. Iweje silsila iwe na maana katika elimu na isiwe na maana katika mikono?

Tena makumbusho yetu yaamke. Twahifadhi misumari ya majahazi, vigae vya Uchina na viti vya enzi, na vyema. Lakini ufundi wa kufunga nzi, ambao Wakenya wameufanya kwa vizazi kadha wa kadha, sijauona umewekwa katika kabati hata moja. Wala si huo peke yake. Wavuvi wetu wanaorambaza, wanaoburura mshipi nyuma ya chombo kutafuta nguru na jodari, nimewaona wakifunga ndoana zao kwa manyoya meupe ya kuku, kwa nyuzi za gunia zilizochambuliwa, kwa vitambaa vya kung'aa. Kila mzee ana namna yake na hapendi kuulizwa. Hao nao ni wafunga nzi, ila hawakupata wa kuwaandikia kitabu mwaka 1895. Wakifa watakwenda nayo.

Iko hoja nyingine ambayo siwezi kuiruka, maana najua msomaji yuko nayo ulimini. Je, uvuvi huu si mchezo wa matajiri? Ni mchezo, kwa wengi wao. Tena siku hizi samoni wamepungua. Mwezi wa Desemba 2023 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwingiza samoni wa Atlantiki katika daraja la wanaokaribia hatari, na wale wa Uingereza katika daraja la walio hatarini. Huko Uskoti zaidi ya samoni 9 katika kila 10 wanaovuliwa kwa fimbo hurudishwa majini wakiwa hai. Mito mingi imekataza ndoana za meno matatu na kutaka ya jino moja au mawili, isiyo na kijino cha kuzuia. Kumchoma samaki mdomo, kumchosha, kisha kumwachia, yafaa au haifai? Mimi si mwanachuoni, na masheikh wapo waulizwe. Moyo wangu wanielekeza kuwa samaki ni riziki, na aliyetoa roho yake ama kuitia mashakani awe amefanya hivyo kwa ajili ya kuliwa. Lakini angalia uajabu wa ule mrija: sheria ya ndoana ilipobadilika, wenye nzi wa zamani walilazimika kutafuta wengine, na mwenye nzi wa mrija alifungua ndoana moja akafunga nyingine. Bua la bata mzinga limewashinda hata watunga sheria.

Na mrija wenyewe umeshafika bahari yetu. Huko Watamu na Malindi wako wageni wanaomvua sulisuli kwa nzi, na nzi wanaopendelewa kwa samaki huyo mwenye mdomo wa upanga ni wale wakubwa wa mrija, wenye manyoya meupe na buluu, marefu kuliko kiganja. Vijana wetu wa mashua huwashika kila siku. Huenda nzi huyo amefungwa na Mkenya huku bara, akapelekwa Uingereza, akanunuliwa dukani, akarudi kwa ndege ndani ya sanduku la mtalii, na kijana wa Malindi akamfunga katika mshipi bila kujua kuwa ni kazi ya jirani yake.

Nimeandika "nzi wa mrija" kwa kuwa sikupata neno jingine. Wako watakaopendekeza "nzi wa bomba", na mimi sipendi bomba, lanukia petroli. Aliye na neno zuri zaidi, hasa wazee wa Lamu, Pate na Vanga, na alilete katika ukurasa huu tulijadili. Na ikiwa katika wasomaji yuko aliyepata kufunga nzi, au aliye na mama, shangazi au babu aliyeifanya kazi hiyo, namwomba aniandikie: alifunga mji gani, miaka gani, na nani aliyemfundisha. Jina aliandike kamili, tafadhali, kuanzia herufi ya kwanza.